Amani Haipikwi Hotelini

Mwaka 2012 nilikuwa na miaka 11, na ndipo nilipojifunza kulala na viatu. Mama alitupanga mimi na dada zangu karibu na mlango, viatu miguuni, mabegi ya shule yamejazwa nguo badala ya vitabu. "Mkisikia mbwa wanabweka wote pamoja, msiulize kitu. Kimbieni mtoni," alituambia. Kwetu ni Tana Delta, kijiji cha wakulima Wapokomo. Sitakitaja jina kwa sababu watu ninaowaandika bado wanaishi huko, na mimi hurudi kila Krismasi.

Tarehe 22 Agosti mwaka huo kijiji cha Riketa kilivamiwa. Zaidi ya watu 50 waliuawa, Waorma, wengi wao wanawake na watoto. Waliovamia walikuwa watu wa upande wetu. Septemba ikawa zamu ya Chamwanamuma na Kilelengwani. Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, ikawa Kipao. Mpaka mambo yanatulia mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 walikuwa wamezikwa pande zote mbili, na watoto wengi walikuwa wamejifunza kulala na viatu kama mimi.

Sasa miaka imepita, na amani imekuwa kazi ya watu. Ina fulana na kofia. Ina bango lenye nembo nane chini. Ina warsha ya siku tatu katika hoteli ya ufukweni, umbali wa saa kadhaa kutoka kwa yeyote aliyewahi kupigana. Wanaokwenda ni walewale kila mwaka, na nyumbani tunawajua kwa jina la utani: wazee wa bahasha. Wakirudi tunawauliza mmeamua nini. Wanatuambia, "Tumehamasishwa."

Nataka kusema jambo moja, na nitalisema bila adabu nyingi. Kijiji kilichotoka vitani hakihitaji kuhamasishwa. Kinahitaji mamlaka. Kinahitaji kuamua mambo yake, kuyaandika, na maamuzi hayo yatambuliwe na serikali. Mengine yote ni soda.

Watu wa mbali hupenda kusema kwamba vita vya Tana ni vita vya maji na malisho. Hiyo ni nusu ya ukweli, na ni ile nusu isiyomgusa mtu mwenye ofisi. Mto ni mmoja. Mkulima hulima ukingoni, pale ambapo mafuriko huacha matope mazuri. Mfugaji anahitaji njia ya kufikisha mifugo majini, na njia hiyo tunaiita malka. Kiangazi kikikaza, mifugo hushuka deltani kutoka mbali, hata kutoka Garissa na Wajir. Shamba likiziba malka, ng'ombe watapita shambani. Ng'ombe akipita shambani, atakatwa panga. Ng'ombe akikatwa panga, kuna kijana atakayekatwa naye. Hesabu hii kila mtoto wa Tana anaijua. Mwaka 2001 damu ilimwagika kwa hesabu hiyohiyo. Mwaka 2012 ikaongezwa siasa ya uchaguzi wa kwanza wa magavana, na moto ukapata petroli.

Lakini jiulize: nani anaamua malka ipite wapi? Nani anaamua shamba jipya liishie wapi? Nani anamwita mwenye ng'ombe na mwenye migomba wakae chini siku ileile, kabla jua halijazama? Hayo si maswali ya mvua. Ni maswali ya utawala, na utawala unaozungumziwa hapa ni wa kijijini. Gavana hawezi kujua malka iko wapi. Rais ndiyo kabisa.

Sasa acheni nikiri la kwangu, maana ninawasema watu na mimi mwenyewe nimekula nao.

Mwaka 2022 niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilinishinda, hadithi fupi. Februari 2023 nikapata kibarua cha kuandika yanayosemwa kwenye mkutano wa kuwashirikisha wananchi, shilingi 1,500 kwa siku. Sitataja ofisi iliyoandaa wala shirika lililolipa. Kumbukeni hali ilivyokuwa: mvua ilikuwa imekosa misimu kadhaa mfululizo, nchi imekauka, mifugo imejaa mtoni kuliko nilivyowahi kuona. Mkutano ukafanyika mjini, kwenye ukumbi wa hoteli, kwa sababu hoteli ina stakabadhi na mti wa mwembe hauna.

Asubuhi mkubwa wangu alinipa kompyuta yenye ripoti ya mwaka uliotangulia. Akaniambia, "Kijana, badilisha tarehe na idadi. Mengine yatafanana." Kwenye ukurasa wa tatu tayari palikuwa pameandikwa kwamba wananchi waliunga mkono mapendekezo kwa kauli moja. Wananchi wenyewe walikuwa bado wako njiani kwenye bodaboda.

Saa tano hivi mama mmoja Muorma alisimama. Alikuwa ametembea na kupanda gari tangu usiku. Akauliza swali moja tu: nani ametia ua kwenye malka yetu, na tutapitia wapi mwezi ujao? Ukumbi ukanyamaza. Wapokomo waliokuwepo wakatazama meza. Mimi pia nikatazama meza, kwa sababu nilikuwa namjua mwenye ua. Mwenyekiti akasema kwa upole sana, "Mama, ahsante, lakini hiyo si ajenda ya leo. Leo tuko na bajeti." Mkubwa wangu akaniashiria kwa kidole nisiandike. Sikuandika. Tukala chapati na kuku, watu wakatia sahihi, kila mmoja akapewa 500 ya nauli.

Wiki tatu baadaye watu walipigana pale pale alipopataja yule mama. Kijana niliyesoma naye shule ya msingi alikatwa mkono, vidole viwili havifanyi kazi mpaka leo. Mchungaji wa ng'ombe, mtoto wa miaka kama 14, alipasuliwa kichwa. Hakufa mtu, ndiyo maana hamkusikia kwenye habari. Nami ile 1,500 nilikuwa nimeshalipia kodi ya nyumba.

Sisemi kwamba ningeandika lile swali watu wasingepigana. Ripoti yenyewe ingeishia kabatini. Ninachosema ni kwamba onyo lilikuja, kwa mdomo wa mtu anayejua, mbele ya watu wenye mamlaka, siku ambayo iliitwa rasmi siku ya kumsikiliza mwananchi. Na tulikuwa na utaratibu mzuri kabisa wa kutolisikia.

Mtu ataniambia: basi tungeni sheria. Ndugu yangu, sheria ipo. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mashinani na kuzisaidia zipate uwezo wa kujiendesha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaenda mbali zaidi. Inasema kila kijiji kiwe na msimamizi wa kijiji, na kiwe na baraza la kijiji: msimamizi huyo kama mwenyekiti, pamoja na wazee wasiopungua 3 na wasiozidi 5, wanaoteuliwa kwa ushindani, wanaoidhinishwa na bunge la kaunti, ikizingatiwa usawa wa kijinsia. Kazi ya baraza hilo ni kuratibu ushiriki wa kijiji na kufuatilia sera zinavyotekelezwa pale kijijini. Wazee hao wanatakiwa walipwe marupurupu kama bunge la kaunti litakavyoamua.

Tazama mwaka. 2012. Sheria hii ilitungwa mwaka uleule ambao Riketa iliungua. Wakati sisi tunakimbilia mtoni, kwenye karatasi dawa ilikuwa imeshaandikwa. Kuna kaunti zilizoajiri wasimamizi wa vijiji, nazo zinastahili sifa yao. Lakini wewe unayesoma hapa, popote ulipo Kenya, piga simu nyumbani sasa hivi. Uliza: baraza letu la kijiji lina nani na nani? Lilikaa lini mara ya mwisho? Kumbukumbu za kikao ziko wapi? Ukipata majibu matatu, nitakununulia chai.

Badala yake tunaye mzee wa kijiji wa zamani, yule wa upande wa chifu. Mtu huyu ndiye anayeamshwa saa nane za usiku mke akipigwa au mbuzi akipotea. Ndiye anayewapeleka polisi nyumba wasiyoijua. Kwa miaka mingi amefanya kazi hiyo bila mshahara, na kisha tunashangaa akiomba "kitu kidogo" ili aandike barua. Cheo chake kina mizizi mirefu: mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuteua wakuu wa vijiji ili watunze barabara na utulivu kwa niaba ya Mzungu. Katiba mpya ilitaka utawala wa mikoa urekebishwe ndani ya miaka 5 ili uendane na ugatuzi. Tulibadilisha majina kwenye milango. Mzee wa kijiji bado anawajibika kwa aliye juu yake, wala hawajibiki kwa waliomzunguka. Akituhumiwa kuficha jambo, sisi wanakijiji hatuna pa kumwondolea.

Na hapa sitaki kusikia wimbo wa "turudi kwa wazee wetu." Nawaheshimu wazee. Wapokomo tuna Gasa, Waorma wana Matadeda, na mabaraza hayo yamezima mioto ambayo polisi hawakuijua. Lakini baraza la wazee linaweza kuleta amani na bado likawa na mizani mbovu. Mwaka 2001 viongozi wa kaskazini walikutana Modogashe wakakubaliana juu ya fidia za mauaji na wizi wa mifugo. Makubaliano yale yalisaidia sana, sibishi. Lakini fidia ya mwanamume aliyeuawa iliwekwa kuwa ng'ombe au ngamia 100, na ya mwanamke 50. Nusu. Dada zangu watatu waliolala na viatu pembeni yangu, kwa hesabu hiyo wanafika mtu mmoja na nusu. Nani aliyekuwepo mezani siku ile angeweza kusema hapana? Ndiyo maana nasisitiza habari ya nani anakaa kwenye baraza. Amani inayopangwa na wanaume watu wazima peke yao itapangwa kwa bei ya wanaume watu wazima.

Mfano mzuri tunao, tena wa hapa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa inauana kwa koo. Walioanza kuisimamisha hawakuwa wageni wa mwaliko. Walikuwa wanawake wa pale pale, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, aliyekuja kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Walianza na jambo dogo ambalo mtu anaweza kulihesabu: mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua sokoni bila kufukuzwa. Wakaunda kamati ya kuliangalia soko. Kukitokea tatizo, linashughulikiwa siku ile. Kutoka hapo wakawafuata wazee, wakawafuata vijana, na mwaka 1993 wazee wakatia sahihi azimio la Al-Fatah. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008 serikali iliupeleka mfumo wa kamati za amani za wilaya nchi nzima. Lakini tuliiga kamati tukasahau soko. Tulichukua viti, barua za uteuzi na posho. Tukaacha lile jambo la kuangalia kitu kimoja, mahali pamoja, kila siku, watu wa pande zote wakiwa na macho yaleyale.

Kuna hoja tatu ambazo hutolewa kila mara tukisema haya, na nimechoka kuzisikia.

Ya kwanza: ati watu wa kijijini hawajasoma. Mimi sikumaliza chuo, kwa hiyo hoja hii inanihusu binafsi. Nyanya yangu hajui kusoma. Lakini anaweza kukutajia kila malka kutoka kwetu mpaka baharini, nani alipewa ruhusa kupita, mwaka gani mto ulihama, na shamba lipi lililimwa juu ya njia ya ng'ombe. Wataalamu waliotengeneza ramani za delta waliwauliza watu kama yeye. Ujuzi wake ulitosha kwa ramani; haukutosha kwa uamuzi?

Ya pili: pesa zikifika kijijini zitaibwa. Huenda. Lakini mwizi wa kijijini anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mabati yake mapya nitayaona. Mwizi wa mbali nitamsoma kwenye ripoti ya mkaguzi baada ya miaka miwili, na jina lake halitakuwemo.

Ya tatu ndiyo nzito, na sitaifanyia mzaha: ati kijiji kilichopigana kikipewa nguvu, wengi watawakandamiza wachache. Hii ni kweli inaweza kutokea. Tazama Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Inasema jamii isajiliwe, watu wazima wote wakutane, wachague kamati ya watu 7 hadi 15 ya kusimamia ardhi. Vizuri. Lakini jamii ni nani? Wapokomo wakijisajili peke yao na Waorma peke yao, mstari wa ramani utapita katikati ya malka, na safari hii tutauana tukiwa na hati mkononi. Kwa hiyo nasema mipaka ya kijiji na ya baraza ifuate matumizi: watu wote wanaotegemea kipande kimoja cha mto wawe na baraza moja, au angalau vijiji viwili vya ukingo mmoja viwe na kikao cha pamoja ambacho sheria inakitambua. Na wachache wawe na viti ambavyo kura haiwezi kuvichukua. Hofu ya wengi kuwaonea wachache ni sababu ya kulipanga baraza vizuri. Haijawahi kuwa sababu ya kutokuwa nalo.

Basi tunataka nini? Nitasema kwa vidole vya mkono mmoja.

Mabaraza ya vijiji yaundwe, na yaanze kule ambako watu waliuana: Tana, Mlima Elgon, Burnt Forest, Lamu. Majina ya wanaopendekezwa yasomwe hadharani, chini ya mti, na watu wapewe nafasi ya kupinga kabla hayajafika bungeni.

Wazee walipwe. Mtu anayezuia vita ana haki ya kupata angalau nauli ya yule anayehudhuria semina juu ya vita.

Mikutano ifuate kalenda ya watu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30, kwa hiyo watu huitwa Februari na Machi, mfugaji akiwa na mifugo mtoni mbali na nyumba, au Aprili, mvua ikiwa imekata barabara. Kisha tunaandika kwamba wafugaji hawakujitokeza. Nendeni walipo. Mtoni kuna vivuli.

Kila mkutano urudishe jibu. Mkikataa tulichosema, njooni mtuambie mmekataa na kwa nini, mahali palepale, kwa Kiswahili na kwa lugha za pale. Mtu aliyejibiwa hapana anajua pa kuanzia. Mtu asiyejibiwa anaanza kunoa panga.

Na la tano, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Mzee wetu wa kijiji alikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, la mistari. Tangu 2013 yeye na mwenzake wa kijiji cha Waorma ng'ambo ya pili walikuwa wanaandika humo kila makubaliano: malka ipi iko wazi, kuanzia mwezi gani, ng'ombe akila mahindi analipiwa nini, nani shahidi. Pande zote mbili zilitia sahihi au dole gumba. Hakuna mfadhili aliyelijua. Daftari lile limezuia vita vingi kuliko fulana zote nilizowahi kuona. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yakaingia nyumbani kwake usiku, na daftari likaenda na maji. Hapakuwa na nakala. Makabati ya mjini yana ripoti za amani zinazofika dari, na hakuna hata moja yenye ukurasa mmoja wa daftari lile.

Krismasi iliyopita nilinunua daftari jipya la kurasa 200, nikakaa na wazee wale wawili siku mbili wakikumbuka kwa mdomo, wakibishana, wakirekebishana. Nilimwomba Nyanya awepo, na upande wa pili wakamleta mama mmoja anayejua njia za mifugo. Alikuwa ni yule yule wa hotelini. Sijui kama alinitambua. Safari hii swali lake niliandika, na jibu lake, na jina la mwenye ua, ambaye ni mjomba wangu. Ameahidi mbele ya mashahidi kuuondoa kabla ya kiangazi.

Tumejaza kurasa 6. Nilipeleka picha zake kwenye ofisi moja nikaomba zipigwe muhuri tu, zipokelewe, ili siku mjomba akigeuka tuwe na pa kushika. Dada wa mapokezi alinitazama kwa huruma akaniambia, "Kaka, hii si fomu yetu."

Basi leteni fomu. Kiangazi hakisubiri.